Nusu Niliyoizika

Siki iliisha saa kumi na mbili jioni, nikatoka studio kwenda kununua nyingine kwa Nduta, hapo ng'ambo ya barabara. Sisi watu wa filamu tunatumia siki, ile ile ya kumwagia chipsi, kusimamisha dawa isiendelee kula picha. Mtaa wetu wa Kondele ulikuwa na kelele zake za kila jioni. Bodaboda zinapigiana honi, mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, anafunga meza, mhubiri na spika yake mbovu anatutishia moto. Sikuwa na wazo lolote baya kichwani.

Nduta alinipa chupa huku ananiangalia kwa jicho la utani.

"Mzee Gordon, kumbe umeoza msichana na hatukuitwa hata kula kuku?"

"Kuoza nani?"

"Si Sheryl! Mkwe wako ametoka hapa saa hii. Amebeba sukari kilo mbili, ati ya kumpelekea baba mkwe. Kijana mpole sana. Lakini mbona anatembea na nguo zimelowa hivyo, na leo hakujanyesha?"

Nilianza kucheka. Kisha nikaangalia sakafu.

Kulikuwa na nyayo za maji. Miguu mitupu. Zilitoka mlangoni mpaka kaunta, kisha zikarudi. Na palikuwa na harufu... harufu ya tope la ziwa, lile la chini kabisa ambalo halijawahi kuona jua.

"Alisema anaitwa nani?"

"Ouma."

Chupa iliniponyoka ikavunjika.

Ouma tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla ya siku hiyo, huko Nyakach. Nilikuwepo. Na wacha niseme mapema, kabla hujaanza kunionea huruma: mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya kuja kwangu.

Studio yangu niliifungua mwaka wa tisini na moja. Nimepiga harusi, ubatizo, wanafunzi, maiti. Simu zilipokuja nikaanza kula vumbi. Watu wakawa wanapita mlangoni pangu wakijipiga wenyewe, tena bila aibu. Mke wangu alifariki miaka hiyo ya njaa. Kwa miaka kumi na mbili nimekuwa mtu wa kutoa fotokopi za vitambulisho.

Ndipo Sheryl, binti yangu wa pekee, akarudi kutoka chuo. Kichwa amenyoa kama mvulana, mdomo haufungi. Akazitoa kamera zangu kabatini, akazipangusa, akaweka picha mtandaoni. Yawa! Vijana wakaja. Wakatoka Milimani, wakatoka Nairobi, na simu zao za bei ya ng'ombe wawili, wakitaka kupigwa kwa filamu. Mtoto ambaye hawezi kungoja chai ichemke anangoja picha wiki nzima na anashukuru.

Nikajua wanataka kuambiwa nini. Nikatunga hotuba yangu. "Simu inahesabu tu," nilikuwa nawaambia. "Filamu inaguswa. Mwanga uliotoka usoni kwako ndio umekaa kwenye hii filamu. Hiki ni kipande chako mwenyewe." Walikuwa wanashusha pumzi, wengine machozi yanawalenga. Nami moyoni nilikuwa nawacheka. Kwangu filamu ilikuwa plastiki na dawa, basi.

Ouma alikuja mwezi wa tatu. Kijana wa miaka ishirini na saba, anafanya kazi kwenye vizimba vya samaki ziwani, upande wa Nyakach. Nilimpiga fremu tatu kwenye stuli, mbele ya pazia la buluu. Aliisikiliza hotuba yangu yote bila kupepesa. Nilipomaliza akamwangalia Sheryl, akaniuliza polepole, "Mzee, huyu ana mwenyewe?"

"Lete ng'ombe kwanza," nikamwambia, tukacheka sote watatu.

Alipoondoka zilibaki fremu tatu kwenye filamu. Mtu wa filamu hatupi fremu. Nikamwambia Sheryl akae hapo hapo kwenye stuli tumalize. Akakaa. Nikampiga tatu, nikaikunja filamu, nikaisafisha, nikaikata vipande vya fremu sita sita kama ilivyo desturi. Kipande cha mwisho kikawa Ouma mara tatu na Sheryl mara tatu, bega kwa bega.

Mwezi wa tano upepo ulipindua mashua ya watu wa vizimba. Wenzake wawili waliogelea. Ouma hakuonekana. Walimtafuta siku tisa. Mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, sisi watu wa ziwa tunazika tunda la yago mahali pake, lile tunda refu na zito la porini. Linavikwa shuka, linawekwa kwenye jeneza, linaliliwa. Ndiyo desturi, na hakuna anayeicheka.

Lakini mama yake, Dorca, alikataa. Alikuja studio na shemeji yake Owiti, macho yamekauka.

"Nizike tunda tu?" aliniuliza. "Simu yake imezama naye. Hizi picha za mtandaoni ni za kila mtu. Mwanangu aliniambia wewe una kipande chake mwenyewe. Nipe nimlaze nacho."

Nikaleta kipande. Nikakiinua kwenye taa. Kwenye negativu sura zimegeuka, weusi umekuwa weupe, na vichwa vyote viwili vimenyolewa. Wale wazee waliona Ouma sita. Mimi niliona Ouma watatu na Sheryl watatu. Niliona! Mkasi ulikuwa mezani. Lakini fundi aliyenifundisha alikuwa ananichapa makofi nikikatakata filamu, kwa sababu kipande kifupi hakikai vizuri kwenye mashine ya kuchapia. Nikasema moyoni, ni plastiki tu, itadhuru nani? Nikakitia kwenye nailoni nikampa, na hotuba yangu nikairudia juu yake, kwa sauti ya msibani.

Ndivyo nilivyomzika binti yangu kando ya kijana aliyekufa bila mke.

Basi jioni ile nilivuka barabara mbio, gari nusura linigonge. Sheryl alikuwa ameketi kaunta, anakunywa chai. Pakiti ya sukari ilikuwa mbele yake, karatasi imelowa na kuchanika.

"Nani ameleta hiyo?"

"Sijui, Baba. Nilikuwa chumba cha giza. Nimetoka nimeipata." Akapiga funda. "Ina ladha ya samaki kidogo."

Nilimpokonya kikombe nikaimwaga ile chai nje. Akanishangaa. Kisha akanivuta mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi mno.

"Baba, hebu angalia hii. Kamera imeharibika."

Alinionyesha picha aliyokuwa ameichapa. Stuli yetu. Pazia letu la buluu. Hakuna mtu.

"Nilikuwa nimekaa hapo. Valarie ndiye aliyenipiga. Angalia, simu yake ilinipiga saa hiyo hiyo." Kwenye simu Sheryl alikuwa amekaa kwenye stuli, anacheka, meno yote nje. "Nimejaribu filamu nne, Baba. Kamera tatu. Simu inaniona. Filamu hainioni."

Niliigeuza ile picha, nikaitazama upya kwenye taa.

"Na usiku miguu yangu inalowa," akasema kwa sauti ndogo. "Naamka shuka zimelowa. Jana ilikuwa magotini. Leo asubuhi..." Akagusa kiuno chake.

Nilikesha kitandani kwake na taa imewashwa. Asubuhi nilimwita Valarie, rafiki yake, akae naye, nikashika njia ya Nyakach. Nilishuka Katito, nikapanda bodaboda mpaka karibu na maji. Boma la Dorca liko chini kabisa, udongo mweusi unaoshika kiatu. Kaburi lilikuwa upande wa kushoto, bado bichi. Hawakulichimba kina kirefu, maana huko ukichimba kidogo tu maji yanachipuka.

Nilimweleza Dorca kila kitu. Nilipiga magoti, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Nikamwomba afungue jeneza nitoe nusu ya kile kipande. Alinisikiliza huku anachambua dagaa. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Amekuja kuniambia."

"Nani?"

"Mwanangu. Alisimama hapo mlangoni juzi. Akaniambia, Mama, nimepata mke. Ni msichana wa studio, baba yake mwenyewe amempa." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Baba Sheryl, mwanangu alikuwa analala peke yake ndani ya maji. Unajua hiyo ni nini? Nilikuwa silali. Sasa nalala."

"Mama, mtoto wangu yuko hai!"

"Na wangu?"

Owiti alisimama, akanionyesha barabara. Kaburi la yago halifunguliwi, alisema. Ukilifungua unamwita mwenyewe aje na kila alichokufa nacho. "Wewe ndiye ulisema ni kipande cha mtu," akaniambia kwa dharau. "Au ulikuwa unatudanganya?"

Nilishikwa na hasira na aibu kwa pamoja, nikaondoka. Sikwenda mbali. Nilijificha kwenye matete mpaka jua likaanza kuzama, mbu wananila, nikiwaza nitachimbaje bila kusikika. Jembe lilikuwa limeegemezwa nyuma ya jiko. Ningepiga pigo la kwanza tu na boma zima lingetoka.

Hapo upepo ukaja kutoka ziwani.

Haukuwa upepo wa kawaida. Ulikuwa na sauti ndani yake. Kama watu wengi wanaonong'ona wakipita...

Nyawawa.

Kila mtu wa ziwa anawajua. Roho zinazotoka majini jioni na kupita juu ya nyumba, na usipozifukuza zinaingia. Boma la kwanza likaanza kugonga sufuria. La pili likajibu. Kisha pwani nzima: sufuria, debe, mabati, watu wanapiga kelele waende, waende zao! Dorca na Owiti walikuwa ndani, wanagonga kwa nguvu zao zote.

Nikachukua jembe, nikachimba.

Sijawahi kuchimba vile. Udongo ulikuwa unanyonya jembe, maji yanajaa nyuma yangu. Juu ya kichwa changu wale wananong'ona, kila upande mabati yanalia. Jembe likagonga mbao. Nikabandua kifuniko.

Yago halikuwa limeoza. Nililigusa... lilikuwa na joto.

Lilikuwa limelazwa upande mmoja wa jeneza. Shuka ilikuwa imekunjuliwa ule upande mwingine, ukaachwa wazi, nafasi ya mtu kulala.

Nailoni ilikuwa pale pale. Nikatoa kipande, nikakiinua kwenye mwanga uliobaki magharibi. Singeweza kuwasha tochi, wangeniona. Vivuli sita. Vichwa sita vimenyolewa. Nambari za pembeni hazikusomeka. Lakini nilikuwa najua mpangilio: Ouma kushoto, Sheryl kulia. Ni kukata katikati tu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ninapojitafuna mpaka leo. Filamu ina pande mbili. Upande wa dawa na upande wa plastiki. Ukiitazama kwa upande usio wake, kushoto kunakuwa kulia. Gizani fundi anazitambua kwa njia moja: unalowesha mdomo, unagusisha filamu. Upande wa dawa unanata. Nimefanya hivyo mara elfu nyingi. Sheryl nilimfundisha akiwa na miaka tisa.

Nilikiinua mpaka karibu na mdomo. Kikanuka lile tope. Nikafikiria kilipolala, na kilicholala nacho.

Nikashindwa.

Nikasema ni sawa, mimi ni fundi, mkono wangu unajua. Nikatoa mkasi mfukoni nikakata. Nusu ya kushoto nikairudisha juu ya yago. Nusu ya kulia nikaitia mfuko wa shati, juu ya moyo. Nikafunika, nikafukia, nikakimbia kuelekea barabarani huku sufuria zikianza kunyamaza moja moja nyuma yangu.

Nilifika Kondele saa tatu kasoro. Valarie alinifungulia, akasema Sheryl amelala tangu magharibi na shuka ni kavu. Kavu! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamruhusu Valarie aende kwao. Nilichungulia chumbani. Sheryl alikuwa anapumua vizuri, mdomo wazi kidogo, vile alivyokuwa analala utotoni. Nililia kidogo pale mlangoni, nakiri.

Nikaingia chumba cha giza. Nilitaka kumwona. Nilitaka kumchapa ukubwa wa mlango, nimwambie nyathina, mwanangu, filamu imekuona tena. Nikakitia kile kipande kwenye mashine, nikawasha taa nyekundu, nikahesabu sekunde saba. Karatasi nikaitumbukiza kwenye dawa na kuanza kuitikisa trei.

Stuli ilitokea kwanza. Kisha pazia.

Kisha miguu. Suruali ndefu.

Mikono mikubwa imewekwa magotini.

Nilianza kusema hapana kabla uso haujatoka. Nikasema hapana, hapana, nikaifunika karatasi kwa kiganja ndani ya dawa, kana kwamba ningeweza kuizuia. Uso ukatokea kati ya vidole vyangu. Siku ile nilipompiga hakutabasamu. Sasa alikuwa anatabasamu.

Nikasikia komeo la mlango wa nje.

Nilitoka mbio, nikagonga trei, dawa ikamwagika yote. Kitanda kilikuwa wazi. Shuka zilikuwa zinachuruzika maji mpaka sakafuni. Simu yake ilikuwa juu ya mto. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye saruji kulikuwa na nyayo za maji, ndogo, za mtu mmoja tu. Hakuna aliyekuja kumchukua. Alikwenda mwenyewe, kwa sababu mahali pake palikuwa pametandikwa, na mimi ndiye niliyempeleka, nilipoiacha nusu yake juu ya yago.

Nilizifuata nyayo mpaka kwenye lami. Hapo zikaisha.

Alfajiri nilirudi Nyakach na jembe langu mwenyewe. Sikujali kama Owiti angenitolea panga, wala kilio cha mtu yeyote. Lakini hapakuwa na mahali pa kuchimba. Ziwa lilikuwa limepanda usiku ule, limefunika boma lote mpaka madirishani. Dorca alikuwa amekaa barabarani juu ya godoro, na kuku wake watatu. Kaburi lilikuwa huko ndani, chini ya maji na magugu, na hakuna mtu aliyeweza kunionyesha hata upande.

Ni miezi miwili sasa. Polisi wameandika kwamba msichana ameondoka nyumbani kwa hiari yake. Wakwe zangu, ndugu za marehemu mke wangu, wanasema tutafute yago. Nimewafukuza. Watu wananiambia, Mzee, angalau una picha zake, simu yake imejaa picha. Ni kweli. Ni elfu nne na zaidi. Ninazifungua, ninaziangalia, na ninaapa kwenu hakuna hata moja yenye mtu ndani. Ni mwanga tu wa kioo.

Vijana bado wanakuja na kamera zao. Wananiomba niwaambie kuhusu filamu, wamesikia nasema vizuri. Nawaambia wapige kwa simu. Wanadhani natania, wanabisha hodi tena kesho yake.

Ile nusu ya Ouma ninayo. Siwezi kuichoma. Nitaichomaje, na mwenyewe nimemleta nyumbani mfukoni, juu ya moyo?

Maana anakuja. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, harufu ya tope inatangulia, kisha stuli inalia kidogo kwa uzito. Simwangalii usoni. Naona tu maji yakienea taratibu chini ya pazia. Hana ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniua. Ni kijana wa heshima. Anakaa, mikono magotini, anamngoja mkewe.

"Baba," ananiuliza kwa sauti ya chini, kila jioni, "Sheryl yuko wapi?"

Nami namwambia angoje. Namwambia anakuja.